SARE HUSHUHUDIA MWANZO: Kuitambua Picha ya Zamani ya Afisa Mwanafunzi, kwa Mifano ya Mzumbe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kutumia sare kuwa ushahidi katika kuzitambua picha za zamani za wanafunzi waliopata mafunzo ya kijeshi. Suala hili linawahusu wanahistoria, watunza nyaraka na wanafunzi wa lugha, kwa kuwa kila picha inapohifadhiwa huandikiwa maelezo, na maelezo hayo ndiyo yanayosomwa na watu wa baadaye. Picha ikiandikwa "afisa" ilhali aliyepigwa alikuwa kijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kosa hilo hunakiliwa katika vitabu, katika tanzia na katika kumbukumbu za ukoo. Hatimaye mtu huhesabiwa kuwa na maisha ambayo hakuyaishi, na yale aliyoyaishi kweli husahauliwa.

Mzumbe imechaguliwa kuwa uwanja wa mifano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali pa vyuo na shule, ambapo vijana kutoka kila pembe ya nchi wamekuwa wakikutana na kupigwa picha za pamoja. Pili, historia ya taasisi zake inajulikana vya kutosha kuweza kupimwa dhidi ya ushahidi wa nguo. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba sare hushuhudia mwanzo, wala haishuhudii mwisho. Kitu kilichomo katika picha huthibitisha kuwa picha haikupigwa kabla ya kitu hicho kuwako. Hakithibitishi kuwa picha ilipigwa kabla ya kitu hicho kuacha kutumika rasmi. Itaonyeshwa pia kuwa kanuni hiyohiyo huyatawala maneno ya Kiswahili yanayoandikwa nyuma ya picha.

2.0 Nani Aitwe Afisa Mwanafunzi?

Kabla ya kuitazama nguo ni lazima istilahi ziwekwe bayana. Katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), afisa mwanafunzi ni mtu aliye katika mafunzo ya kumwezesha kutunukiwa kamisheni. Hana bado cheo cha afisa, wala si askari wa kawaida. Anapohitimu, kama ifanyikavyo katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, huanza na cheo cha Luteni Usu chenye nyota moja begani. Luteni huvaa nyota mbili na Kapteni nyota tatu. Watu wengi humwita afisa mwanafunzi "kadeti", na neno hilo ndilo chanzo cha utata mwingi, kwa sababu hutumiwa kwa wepesi kumtaja kijana yeyote wa shule aliyevaa nguo za gwaride.

Makundi yanayochanganywa na maafisa wanafunzi ni manne. La kwanza ni vijana wa JKT. Jeshi hilo liliundwa tarehe 10 Julai 1963, na sheria ya mwaka 1966 ikawalazimu wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo kulitumikia. Hao ndio walioitwa vijana wa "mujibu wa sheria". Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Kundi la pili ni mgambo, ambao walipewa uzito mpya na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. La tatu ni skauti. La nne ni vijana wa vyama vya siasa, hususan Umoja wa Vijana wa TANU kabla ya Chama cha Mapinduzi kuundwa tarehe 5 Februari 1977. Makundi haya yote yalipiga gwaride, yalivaa mikanda na kofia, na yalipanga safu mbele ya mpiga picha. Katika picha iliyofifia, macho yasiyozoea huyaona yote kuwa jeshi moja.

3.0 Mzumbe na Sare Zilizopita Hapo

Mzumbe iko kusini-magharibi ya mji wa Morogoro, kando ya barabara iendayo Iringa, chini ya milima ya Uluguru. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo shule ya serikali za mitaa, iliyowafunza machifu, madiwani na makarani wa tawala za wenyeji. Mwaka 1972 shule hiyo ilikuwa sehemu ya msingi wa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake IDM. Mwaka 2001 sheria ilikifanya kuwa Chuo Kikuu Mzumbe. Jirani yake iko Shule ya Sekondari Mzumbe, mojawapo ya shule za wavulana wenye vipaji maalumu.

Kwa hiyo chuo cha Mzumbe kilikusudiwa kufundisha utawala, si vita. Jambo hili ndilo la kwanza kukumbukwa mbele ya picha yenye maandishi "Kadeti wa Mzumbe". Maandishi hayo yaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Pengine yanamtaja kijana aliyesoma Mzumbe kisha akapelekwa jeshini, na picha ikapigwa kwingine. Pengine yanamtaja afisa aliyekuja Mzumbe baadaye kusomea uongozi. Pengine tena yanamtaja mwanafunzi wa sekondari katika gwaride la sherehe. Nguo ndiyo itakayosaidia kuamua, lakini haitaamua peke yake.

Eneo lenyewe lilikwisha kuona sare nyingi kabla ya kuwapo chuo. Majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, nayo majeshi ya Wajerumani yakarudi nyuma kuelekea kusini kwa kuizunguka milima ya Uluguru. Askari wa pande zote mbili walikuwa Waafrika waliovaa kaki na kofia zilizofunikwa kitambaa kilichoning'inia hadi shingoni. Tofauti zao huonekana zaidi miguuni. Askari wa Mjerumani kwa kawaida walivaa viatu pamoja na vitambaa virefu vilivyozungushwa kutoka vifundoni hadi chini ya magoti, ilhali askari wengi wa Keya, hasa katika miaka ya mwanzo, walitembea pekupeku au kwa makubadhi. Mtazamaji anayeangalia nyuso na bunduki tu, akaiacha miguu, huenda akamhamisha mtu kutoka jeshi moja hadi jeshi la adui yake.

Uzito wa kosa la namna hiyo si wa kinadharia. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliolitumikia jeshi la Kijerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Inasimuliwa kuwa wazee waliojitokeza Mwanza kudai haki yao walikuwa wapatao 350, na ni wachache mno waliokuwa na hati. Baadhi yao walileta vipande vya sare zilizochakaa. Mlipaji alipokosa njia ya kuwapambanua, alimpa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani atekeleze amri za bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Simulizi hiyo ina funzo kwa msomaji wa picha. Kipande cha sare kilimfikisha mzee mlangoni, lakini kilichomthibitisha ni ujuzi uliokaa mwilini mwake. Katika picha, mkao wa mwili, namna bunduki ilivyoshikwa na jinsi safu ilivyopangwa ni sehemu ya ushahidi kama nguo ilivyo.

4.0 Kanuni ya Mwanzo na Mwisho

Sare haibadiliki kwa siku moja. Serikali hutangaza nembo mpya, lakini ghala huwa bado limejaa nguo za zamani, nazo hugawiwa hadi ziishe. Mtu naye huihifadhi nguo yake kwa miaka. Kwa sababu hiyo nguo ya zamani yaweza kuonekana katika picha ya baadaye bila ajabu yoyote. Lisilowezekana ni kinyume chake: nembo haiwezi kuonekana kabla ya kubuniwa.

Mfano ulio wazi ni ule wa taji. Katika nembo za kijeshi na za polisi za Kiingereza, taji lililotumika enzi ya mfalme hadi mwaka 1952 lilikuwa na matao ya mviringo yaliyopanda juu kama kuba. Baada ya Malkia Elizabeth II kushika enzi, na hasa kuanzia kutawazwa kwake mwaka 1953, lilitumika taji ambalo matao yake yamebonyea katikati. Mwaka huo ndio ilipoanzishwa shule ya Mzumbe. Mgeni rasmi au mkufunzi akionekana Mzumbe na beji yenye taji lililobonyea, inajulikana kuwa beji hiyo haitangulii mabadiliko hayo. Akionekana na taji la kuba, haifuati kwamba picha ni ya kabla ya mabadiliko, kwani yawezekana beji yake ilikuwa ya akiba.

Tarehe nyingine zinazofaa kukumbukwa ni hizi. Tarehe 9 Desemba 1961 vikosi vya Keya vya Tanganyika, yaani cha 6 na cha 26, viligeuka kuwa Tanganyika Rifles. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa JWTZ. Kila tarehe kati ya hizi ni kizingiti: nembo ya taasisi haiwezi kuvuka kizingiti hicho kwa kurudi nyuma, lakini yaweza kukivuka kwa kwenda mbele.

5.0 Hatua za Kuisoma Picha

5.1 Kuthibitisha upande

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa picha haikusafishwa kinyume. Filamu ikigeuzwa wakati wa kusafisha, kushoto huwa kulia na hukumu zote zinazofuata hupotoka. Shati la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya upande wa kulia. Katika desturi ya Kiingereza iliyorithiwa na majeshi ya Afrika Mashariki, medali huvaliwa kifuani upande wa kushoto, na bereti huwa na beji juu ya jicho la kushoto huku kitambaa kikivutwa upande wa kulia. Mpini wa kufungulia chemba ya bunduki za Kiingereza za wakati huo uko kulia. Ishara mbili au tatu kati ya hizi zikiwa kinyume pamoja, picha imegeuka. Ikiwa ni moja tu, tahadhari inahitajika. Nguo za kike kwa desturi hufungwa kinyume na za kiume, na yapo majeshi yanayovutia bereti upande wa kushoto, mathalani la Ufaransa.

5.2 Kutilia shaka rangi

Picha nyeusi na nyeupe haionyeshi rangi bali kiasi cha mwanga, na filamu za zamani hazikupima mwanga kwa haki. Filamu za aina iliyotumika sana mwanzoni mwa karne ya ishirini hazikuona nyekundu, hivyo tarbushi nyekundu ilitoka karibu nyeusi. Zilikuwa nyepesi mno kwa buluu, hivyo kitambaa cha samawati kilitoka karibu cheupe. Filamu za bei nafuu zenye tabia hiyo ziliendelea kuuzwa hadi miaka ya 1950.

Hapa pana mtego mahsusi kwa anayewatafuta maafisa wanafunzi. Katika jeshi la Kiingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alama ya afisa mwanafunzi ilikuwa nyeupe: utepe mweupe kuizunguka kofia, au vipande vyeupe mabegani. Mtazamaji anayeijua alama hiyo akiona utepe mweupe katika kofia ya kijana, hufurahi na kuandika "afisa mwanafunzi". Lakini huenda utepe ule ulikuwa wa samawati na ulikuwa alama ya bweni au ya kundi la skauti. Kwa hiyo weupe wa utepe ulinganishwe kwanza na kitu kingine katika picha hiyohiyo ambacho weupe wake haubishaniwi, kama karatasi. Ulinganishwe pia na anga: anga la mchana lisilo na mawingu likitoka jeupe kabisa, yamkini filamu ni ya aina ile isiyoaminika.

5.3 Kutoka kichwani hadi miguuni

Baada ya hapo mwili husomwa kwa utaratibu, kutoka juu kwenda chini, bila kuruka sehemu.

Kichwani huangaliwa aina ya kofia na beji yake. Tarbushi huelekeza nyuma kwenye zama za Mjerumani na Keya. Kofia ya pama yenye ukingo mpana ilivaliwa na askari wa Keya katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini pia ni kofia ya skauti. Umbo la kofia kwa hiyo halitoshi, na beji yake ndiyo hupewa uzito.

Shingoni huangaliwa kola na kitambaa. Skafu iliyokunjwa na kukusanywa kwa pete shingoni ni dalili ya skauti. Kola fupi iliyosimama haina budi kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa katika miaka ya baada ya Uhuru suti ya mtindo wa Kichina, yenye kola ya namna hiyo na mifuko ya nje, ilipendwa na viongozi wengi, akiwamo Mwalimu Nyerere. Wanachuo wa utawala wakipigwa picha wamevaa suti hizo hufanana sana na maafisa wa jeshi. Kinachowatofautisha ni mabega: suti hiyo haina alama ya cheo.

Mabegani na mikononi hutafutwa cheo. Nyota za begani ni za maafisa, ilhali tepe za mkononi ni za askari wenye vyeo, kama koplo na sajini. Afisa mwanafunzi kwa kuwa hajapata kamisheni hana nyota. Hapa wengi hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoona bega tupu wakaandika "askari wa kawaida", na wapo wanaoona tepe mkononi mwa mwanafunzi wakaandika "sajini wa jeshi". Skauti na viranja katika gwaride la shule nao huweza kuvaa tepe. Bega tupu halithibitishi uafisa mwanafunzi wala halikanushi, bali huacha swali wazi.

Kifuani na kiunoni huangaliwa medali, majina na mkanda. Kijana wa umri wa shule mwenye safu ya medali amevaa koti lisilo lake. Studio nyingi ziliweka koti na tai za kuazimwa, na si ajabu ndugu kuazimana hata sare. Hata hivyo, nguo isiyomkaa mtu vizuri haitoshi kumtuhumu kuwa ameiazima, maana sare za ghalani hugawiwa kwa makadirio, na kuruta hana nafasi ya kuchagua.

Miguuni huangaliwa kaptura au suruali, soksi, buti, viatu vya kawaida au miguu mitupu. Jeshi huwapa vijana wake viatu vya aina moja. Safu ikiwa na shati za aina moja lakini viatu vya kila namna, uwezekano mkubwa ni kwamba shati zilitolewa na taasisi na viatu vilitoka nyumbani, jambo linaloashiria shule, skauti au mgambo zaidi kuliko chuo cha kijeshi.

5.4 Kuwatenga wakufunzi

Katika picha ya pamoja wakubwa hukaa katikati, na nembo zao ndizo zinazoonekana vizuri zaidi. Kosa la kawaida ni kuwavika vijana walio nyuma taasisi ya mtu aliyeketi mbele. Baada ya mwaka 1964 Tanzania ilipata msaada wa mafunzo ya kijeshi kutoka nchi kadhaa, zikiwamo Kanada na China, na kabla ya hapo maafisa wa kwanza Waafrika walisoma ng'ambo. Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza wa JWTZ kuanzia mwaka 1964, alipata mafunzo yake ya uafisa Sandhurst, Uingereza. Mkufunzi aweza kuvaa sare ya nchi yake, naye mwanafunzi akavaa ya nchi nyingine. Kila mtu asomwe peke yake kwanza, ndipo kundi lisomwe.

5.5 Kuisoma milima

Mandhari nayo ni shahidi. Safu kuu ya Uluguru iko mashariki ya Mzumbe. Picha iliyopigwa hapo, milima hiyo ikiwa nyuma ya watu, humaanisha kuwa mpiga picha alielekea mashariki. Ikiwa nyuso zimepata jua kamili, ilipigwa alasiri, wakati jua liko magharibi. Ikiwa nyuso zimetiwa kivuli na mabega yana mwanga kwa nyuma, ilipigwa asubuhi. Aidha, Uluguru unavyoonekana kutoka mjini Morogoro, ambako kilele cha Lupanga chenye mita 2,138 kinautazama mji, sivyo unavyoonekana kutoka Mzumbe. Ukingo wa milima katika picha ulinganishwe na ukingo unaoonekana leo mahali penyewe, kwani milima haibadilishi sare.

6.0 Maneno kama Sare

Nyuma ya picha nyingi pana maandishi, na hapo ndipo mchango wa mwanafunzi wa lugha unapohitajika. Maneno ya kijeshi ya Kiswahili yana tabia ileile ya nguo za ghalani: huingia kwa tarehe inayoweza kukadiriwa, kisha hukaa muda mrefu baada ya taasisi iliyoyaleta kutoweka.

Mwaka 1889 Hermann Wissmann alileta kutoka Misri askari wa Kisudani ili kupambana na Abushiri. Askari hao walikuja na vyeo vyenye asili ya Kituruki, kwa kuwa jeshi la Misri lilifuata utaratibu wa Kituruki. Ndivyo yalivyoenea jeshini maneno ombasha na shaushi, pamoja na efendi. Mawili ya kwanza yamefifia, nafasi zao zikichukuliwa na koplo na sajini yaliyotoka katika Kiingereza. La tatu limedumu kwa umbo la "afande", na hadi leo askari wa JWTZ na wa polisi humwita hivyo mkubwa wake. Kwa hiyo maandishi "Shaushi fulani" hayathibitishi kuwa picha ni ya zama za Mjerumani. Yanathibitisha tu kuwa mwandishi alijifunza msamiati wake kutoka kwa watu waliolitumia neno hilo. Neno "afande" nalo halina tarehe ya mwisho kabisa.

Majina ya taasisi ni mashahidi wazuri zaidi. Jina "Tanzania" lilipitishwa tarehe 29 Oktoba 1964. Kati ya Muungano wa tarehe 26 Aprili na tarehe hiyo, nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Maandishi yenye neno "Tanzania" hayatangulii mwezi huo. Vivyo hivyo "IDM" haitangulii mwaka 1972, wala "Chuo Kikuu Mzumbe" haitangulii mwaka 2001. Lakini ni lazima kutofautisha tarehe ya picha na tarehe ya maandishi. Mzazi aweza kuiandika picha miaka thelathini baada ya kupigwa, akitumia majina ya siku anayoandika. Rangi ya wino, aina ya kalamu na muhuri wa studio hupaswa kuulizwa pamoja na maneno.

7.0 Picha ya Kielelezo

Ili hatua hizi zionekane zikitumika pamoja, ichukuliwe picha ya kubuni, isiyokuwapo popote, lakini yenye sifa za picha nyingi za aina hii. Inaonyesha vijana kumi na wawili katika safu mbili, milima ikiwa nyuma yao. Wamevaa shati na kaptura za rangi nyepesi na mikanda. Wawili wana tepe mkononi. Viatu vyao havifanani. Kofia zina utepe unaoonekana mweupe. Katikati ameketi mtu mzima mwenye kofia yenye beji ya taji lililobonyea. Nyuma pameandikwa kwa kalamu ya wino: "Kadeti, Mzumbe, Tanzania, 1963".

Msomaji wa haraka atanakili maandishi na kuishia hapo. Msomaji makini atagundua kwanza kuwa neno "Tanzania" halikuwapo mwaka 1963. Haifuati kuwa mwaka huo ni wa uongo, bali inafuata kuwa maandishi yaliongezwa baada ya Oktoba 1964, pengine kwa kumbukumbu sahihi. Pili, taji lililobonyea huiweka picha baada ya mabadiliko ya mwaka 1952 na 1953, lakini haliizuii kuwa ya mwaka 1963, ingawa nchi ilikuwa imekwisha kuwa jamhuri. Tatu, ikiwa mwaka 1963 ni sahihi, vijana hawa hawawezi kuwa wa mujibu wa sheria, kwa kuwa sheria ilikuja mwaka 1966. Nne, weupe wa utepe hautegemewi mpaka anga na vitu vingine vichunguzwe. Tano, viatu visivyofanana huelekeza mbali na chuo cha kijeshi. Sita, hakuna nembo ya jeshi lolote kwa vijana wenyewe, na nembo ya aliyeketi ni yake peke yake.

Maelezo yanayostahili kuandikwa kwa picha hiyo ni haya: "Wanafunzi kumi na wawili wenye sare, pamoja na mtu mzima mwenye beji ya taji. Mahali panasemekana ni Mzumbe. Ukingo wa milima ulinganishwe. Haitangulii mwaka 1952. Maandishi ya nyuma yaliongezwa baada ya Oktoba 1964 na yanataja mwaka 1963. Neno kadeti ni la mwandishi wa maandishi hayo. Sare haithibitishi kuwa ni maafisa wanafunzi." Maelezo hayo ni marefu kuliko neno "Kadeti", lakini yanamwachia mtafiti ajaye nafasi ya kuyakamilisha bila kulazimika kwanza kuyabomoa.

8.0 Sare, Joho na Hiari

Kuna sababu ya ndani zaidi ya kusisitiza tofauti kati ya afisa mwanafunzi na kijana wa mujibu wa sheria. Wa kwanza aliomba kuwa mwanajeshi. Wa pili aliitwa na sheria, na si wote walioitika kwa ridhaa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, wengine wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya sheria hiyo, hasa ya kukatwa sehemu ya mishahara katika muda wa utumishi. Moja ya mabango yao lilidai kuwa afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400, na papo hapo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Kwa hiyo vazi la kijana katika miaka ile lilikuwa limebeba hoja. Joho lilisema jambo moja kuhusu nafasi ya msomi katika taifa, na kombati ya JKT ikasema jingine. Kijana aliyepigwa picha kambini mwaka 1968 huenda alikuwa miongoni mwa walioandamana, na huenda alikuwa miongoni mwa waliowapinga waandamanaji. Wapo walioingia kambini wakinung'unika na wakatoka wakiona fahari. Kumwandika "afisa" ni kumwondoa katika mjadala huo na kumpa hiari ambayo sheria haikumpa. Kumwandika "askari" bila maelezo ni kumnyima usomi wake. Neno moja katika maelezo ya picha laweza kuifuta hoja ya kizazi kizima.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa sare katika picha ya zamani huthibitisha tarehe ya mwanzo wala haithibitishi ya mwisho, na kuwa maneno ya maelezo hufuata kanuni hiyo. Yameonyesha pia kuwa hakuna alama moja, iwe utepe mweupe, tepe ya mkononi au bega tupu, inayotosha peke yake kumtambulisha afisa mwanafunzi. Upande wa picha, tabia ya filamu, nguo tangu kichwani hadi miguuni, mandhari na maandishi hupaswa kuhojiwa kila kimoja kwa zamu yake, kisha vilinganishwe.

Inapendekezwa kuwa wanaohifadhi picha katika vyuo, shule na familia za Mzumbe na kwingineko wafuate desturi tatu. Kwanza, wanakili maandishi ya nyuma kama yalivyo, pamoja na makosa yake. Pili, watenganishe kinachoonekana, kinachosemekana na kinachokisiwa. Tatu, wawaulize wazee majina ya vifaa vya sare kabla ya kuwauliza majina ya watu, kwa kuwa mzee aliyesahau jina la jirani yake katika safu mara nyingi hukumbuka mkanda uliombana na buti lililomchubua. Waliovaa sare za JKT katika miaka ya 1960 wamekwisha kuwa wazee, na waliosoma katika shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 waliobaki ni wachache. Wakiondoka bila kuulizwa, picha zao zitabaki, na zitasema lolote ambalo mwandishi wa maelezo atapenda ziseme.